Kwa Baiskeli Bondeni mwa Mto Karura

Sisi tuliozaliwa Malindi tuliujua Mto Sabaki kwa rangi yake kabla ya kulijua jina lake. Mvua zikinyesha bara, maji hugeuka mekundu kama chai iliyoiva, na bahari kuanzia mdomo wa mto hadi mbele ya mji hupoteza ubuluu wake kwa majuma. Mama yangu alikuwa akisimama na kusema, "Watu wa bara wametuletea udongo wao tena." Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba maneno yale yalikuwa kweli tupu. Mito midogo ya Nairobi huingia Mto Athi. Athi ukikutana na Mto Tsavo huitwa Galana. Na Galana ukikaribia pwani huwa ndio Sabaki wetu. Visima vya Baricho vilivyochimbwa kando ya mto huo ndivyo vinavyotoa sehemu kubwa ya maji yatumikayo Malindi, Kilifi na Mombasa. Kwa hiyo mdogo wangu, anayeishi Nairobi, aliponiambia kuwa likizo ya Agosti atatupeleka kwenye bonde la Mto Karura, nilimjibu kwa mzaha kwamba ninakwenda kuwaangalia wanaotuchafulia birika.

Hakunieleza mapema kuwa tungekwenda kuendesha baiskeli. Angalinieleza, huenda nisingalitoka kwangu.

Lazima niseme wazi jambo hili, kwa kuwa bila ya hilo safari haina maana. Marehemu baba alikuwa na baiskeli nyeusi ndefu, ile nzito yenye chuma cha juu. Ndugu zangu wa kiume waliipanda kwa zamu, miguu ikipita chini ya chuma kwa kuwa hawakulifikia tandiko. Mimi niliomba mara moja, nikiwa na miaka minane. Mama akasema, "Mtoto wa kike hapandi baiskeli," na mambo yakaishia hapo. Mwaka jana binti yangu, aliyekuwa ametimia miaka kumi na miwili, aliniomba baiskeli. Nikajisikia nikisema maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Akaniuliza, "Kwa nini, mama?" Nikamwambia akaoshe vyombo.

Tulisafiri watano: mimi, binti yangu, mwanangu wa kiume wa miaka tisa, mama yangu, na kapu la mahamri. Gari la moshi kutoka Mombasa halina haja ya kuelezwa, maana wengi wenu mmelipanda, ila mkipita lile daraja refu la Tsavo waonesheni watoto mto ulio chini. Hayo ni maji yaendayo Sabaki.

Msitu wa Karura uko kaskazini mwa Nairobi, baina ya barabara ya Limuru na ile ya Kiambu, na eneo lake ni zaidi ya hekta 1,000. Umekuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Mto Karura na mingine midogo inayoelekea mashariki imeukata kwa mabonde, na juu ya mabonde hayo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia. Nyingine ni pana za udongo mwekundu, ambazo gari laweza kupita. Nyingine ni vijia vyembamba vinavyopenya katikati ya mizizi, vikiteremka hadi mtoni na kupanda tena. Kwenye kila njia panda pamesimamishwa kibao chenye namba, nayo ramani ina namba hizohizo. Mtu akipotea humpigia mwenzake simu na kumtajia namba aliyosimama. Nilipoona hivyo nilitamani Mji wa Kale wa Mombasa ungewekewa vibao kama hivyo kwa ajili ya wageni wangu.

Tulifika asubuhi, saa mbili na nusu. Agosti ya Nairobi si ya mtu wa pwani. Palikuwa na ukungu baina ya miti, na mama alijifunika shali mbili juu ya ushungi. Isitoshe, Nairobi iko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya bahari, na sisi tulipanda ngazi mbili tatu tukahema kama waliobeba magunia. Mdogo wangu akatucheka. Yeye hufika hapo kila Jumamosi pamoja na wanawake wenzake wa mtaani, wote wakiwa wamejisitiri, na hakuna anayewashangaa.

Langoni tulilipa kwa simu, kisha tukakodi baiskeli. Hizi si zile za kubebea mkate. Tairi zake ni nene, zenye meno makubwa ya kung'ang'ania udongo. Usukani ni mpana. Kwenye mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele mna springi, ili likigonga mzizi kishindo kisifike mabegani. Gia ni nyingi, na breki hubana kisahani cha chuma kilicho katikati ya gurudumu badala ya kubana ukingo wake, hivyo hushika hata kukiwa na matope.

Mdogo wangu alimchagulia binti yangu moja ya kimo chake. Nilisogea nimshikilie tandiko, kama mtoto afundishwavyo. Hakuningoja. Alikanyaga pedali, akakaa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kibao cha kwanza, akapinda, akarudi, akafunga breki mbele yangu bila ya kuyumba. Hayo hayafundishwi kwa dakika tano.

"Nani amekufunza?"

"Mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka jana. Uani kwake, tukienda kufuturu."

"Nawe hukuniambia."

Akautazama usukani. "Ungesema la, mama."

Nilitazama huku na huku nitafute wa kumkasirikia. Kaka yangu alikuwa Malindi, mbali na ulimi wangu. Mdogo wangu alijifanya anapima upepo wa tairi. Mama alikuwa ametulia kwenye benchi, akiutengeneza ushungi ambao haukuwa na kasoro. Kilichoniuma hakikuwa baiskeli. Mtoto ambaye hunisimulia hata ndoto zake alikuwa amebeba furaha yake mwaka mzima akinificha, na sababu ya kunificha ni kwamba alinijua vyema. Nilimwambia aende na mama yake mdogo, mimi nitabaki. Wakaondoka, na mwanangu wa kiume akiwafuata kwa kelele.

Waliporudi baada ya nusu saa, nyuso zikiwa na vidoa vya udongo, mdogo wangu aliniletea baiskeli akasema, "Dada, zamu yako." Nikakataa. Akaniambia nivue baibui, maana ndani nilikuwa na suruali pana na kanzu ya kufika magotini, vazi la heshima kabisa. Nikakataa hilo pia. Mama akasema kutoka benchini, "Panda, mwanangu. Hapa nani akujuaye?"

Namna ya kumfunza mtu mzima ni hii, na ninaieleza kwa sababu najua ninyi dada zangu wengi mtaihitaji. Kwanza tandiko huteremshwa mpaka nyayo zote mbili zifike chini. Pedali husahauliwa. Mtu hujisukuma kwa miguu kwenye tambarare, hatua fupi, kisha ndefu, kisha huinua miguu yote miwili na kuiachia baiskeli iende yenyewe hata kama ni kwa mita tatu. Mwili hujifunza wenyewe kusimama wima. Mtu akiweza hayo, ndipo hutia mguu kwenye pedali. Na macho yatazame mbele, kule unakotaka kufika. Ukilitazama shimo utaingia shimoni. Mimi nililitazama mara mbili na kuliingia mara mbili.

Kufika saa tano nilikuwa ninakwenda. Nilikuwa ninakwenda kweli, mita arobaini, hamsini, upepo wa baridi usoni, na nikasikia sauti ya mtu anayecheka, kumbe ni mimi. Hapo ndipo baibui lilipoingia kwenye mnyororo. Baiskeli ilisimama ghafla kama punda aliyeona nyoka, nami nikalala kwenye majani makavu. Sikuumia. Mdogo wangu hakusema "nilikwambia". Aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kinyumenyume taratibu, na nguo ikajitoa yenyewe, ukingo umechanika shubiri nzima na kujaa grisi nyeusi. Tafadhali msivute nguo kwa nguvu ikinaswa hivyo. Rudisheni pedali nyuma. Na bora kuliko hayo ni kuvaa vazi lisilofika kwenye mnyororo: suruali pana ambayo mguu wake wa kulia umebanwa kwa mpira, maana mnyororo uko kulia, kanzu isiyopita magoti, na mtandio mfupi uliofungwa kwa pini ili helmeti ikae juu yake bila kuteleza. Stara hubaki, na mifupa hubaki.

Tulipumzika adhuhuri kwenye uwanja wa majani. Tulitia udhu kwa maji ya chupa tuliyokuja nayo. Mama akatandika mkeka akauelekeza kaskazini sawasawa kama afanyavyo kwake. Mdogo wangu akaugeuza kidogo kuelekea kulia. Sisi wa pwani tuko karibu moja kwa moja chini ya Makka. Nairobi imesogea magharibi, nayo kibla yake huinama mashariki kidogo. Mama alisema amesali miaka sitini bila ya kuhitaji kufikiria hilo.

Tulipofungua kapu, kima mmoja aliteremka kutoka mtini kwa adabu ya mgeni rasmi, akachukua hamri mbili, moja kila mkono, akapanda nazo juu akatugeuzia mgongo. Mwanangu alicheka hata akapaliwa. Ikiwa mtakwenda, kapu liwe na kifuniko chenye kufungika, wala msiwalishe wanyama hao, kwani wakizoea huwa wakorofi. Juu zaidi tulimwona mbega, mweusi mwenye vazi refu jeupe mabegani. Mbega walikuwa wametoweka msituni humo, wakaletwa tena kutoka kwingine katika miaka ya karibuni.

Wakati watoto wanawinda picha za kima, nilimuuliza mama swali ambalo sikumuuliza nilipokuwa na miaka minane. Kwa nini hakunipa ile baiskeli? Alikuwa akikusanya makombo mkekani, na aliendelea kuyakusanya.

"Sikuwa na sababu," akasema. "Mimi niliambiwa, nami nikakwambia. Nilichelea maneno ya watu. Ungeanguka, wangesema mama yake alikuwa wapi." Kisha akaongeza, "Baba yako hakuwa na neno. Alisema, mpe. Mimi ndiye niliyekataa."

Miaka yote nilikuwa nikidhani ni baba.

Alasiri tuliteremka bondeni. Mimi nilikwenda kwa miguu nikiikokota baiskeli, kwa kuwa mteremko si mahali pa mwanafunzi wa asubuhi hiyo. Sehemu ya juu ya msitu ina mikaratusi na miti mingine ya kigeni iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni na mbao. Ni mirefu, imenyooka, na chini yake hamna kitu. Ukishuka kuelekea mtoni, msitu hubadilika. Miti ya asili hushikamana, matawi hukutana juu ya njia, na hewa huwa na unyevu. Hapo kuna mihugu, mti uleule ulioko Arabuko-Sokoke, ambao wachongaji wa vinyago wameupenda hata umekuwa adimu. Mama angefurahi kuuona, lakini alibaki kwenye mkeka na shali zake.

Mdogo wangu alimpa binti yangu maelekezo juu ya mteremko, nami nikayasikiliza kuliko yeye. Simama kidogo juu ya pedali, zote mbili ziwe usawa mmoja, ili isije moja ikagonga mzizi. Usikae. Rudisha kiuno nyuma, magoti na viwiko vilegee. Shika breki zote mbili kidogokidogo. Ukiibana ya mbele peke yake kwa ghafla, baiskeli itasimama na wewe utaendelea. Na kabla ya kupanda kilima kinachofuata, badilisha gia ungali kwenye tambarare, kwa kuwa mnyororo haupendi kubadilishwa ukiwa umebeba mzigo.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia, mama."

"Basi nenda."

Akanitazama kwanza, kuhakikisha. Kisha akaenda. Kijia kilipinda nyuma ya shina kubwa la mkuyu, na hapo nikampoteza. Nilibaki na sauti: tairi kwenye changarawe, breki ikilia kidogo, kisha kimya, kisha kishindo cha gurudumu likivuka mizizi, kisha kimya kirefu zaidi. Sijui nilisoma nini moyoni, ila nilikisoma kwa haraka. Halafu kutoka chini kabisa, kulikokuwa na sauti ya maji, ikaja sauti yake: "Ma-maaa! Njoo uone!"

Alichotaka nione ni maporomoko ya Mto Karura, ambayo kimo chake hukadiriwa kuwa mita 15. Baiskeli huachwa kando, kisha hushukwa kwa miguu. Maji huangukia kwenye kidimbwi kilichozungukwa na miamba na feri, na vumande lake hulowesha miwani. Ni pazuri mno, lakini maji yale hayanyweki. Yametoka kwenye makazi ya watu kabla ya kuingia msituni, na mtu akitazama ukingoni ataona mifuko na vizibo vya chupa. Nilimkumbusha mwanangu kwamba jani atakalolitupa hapo huenda likapita chini ya daraja letu la Sabaki. Akatupa jani, akauliza litafika siku gani. Tulikubaliana kuliangalia.

Karibu na mto kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau inasemekana waliyatumia kujificha katika miaka ya 1950. Tuliyaona kwa kupita, maana popo hawakumfurahisha mdogo wangu.

Habari niliyoipenda zaidi ni ya karibu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya msitu huu viligawiwa watu binafsi wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai akaongoza watu kuja kupanda miche penye miti iliyokatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walinzi walimshambulia yeye na wenzake. Alipigwa kichwani, na alipofika kituo cha polisi kutoa taarifa alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Hata baada ya hapo, kwa miaka kadhaa watu waliogopa kuingia Karura kwa ajili ya waporaji. Kisha ukajengwa ua wa umeme, na wakaazi wa mitaa ya jirani wakaungana na Shirika la Misitu kuulinda. Walinzi tuliopishana nao njiani walitusalimu kwa Kiswahili kizuri wakatuuliza kama tunahitaji maji. Mama aliikumbuka ile habari ya damu aliyoisikia redioni. "Sikuelewa wakati ule," akasema, "mtu apigwe kwa ajili ya miti."

Kupanda kutoka mtoni ndiko kulikotuonyesha sisi ni watu wa pwani. Binti yangu alisahau gia, akasimama katikati ya kilima, akashuka akasukuma pamoja nami. Tulikwenda bega kwa bega bila ya pumzi za kusema. Karibu na kilele nilimwambia kwamba simkasirikii kwa kuendesha, ila kwa kunificha; na kwamba hata hilo la kunificha nina fungu langu ndani yake. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama baibui litashonwa. Nikamwambia litapunguzwa.

Usiku nilimpigia simu baba yao. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja tatu: mahali, mavazi na usalama. Malindi hatuna Karura, nikamwambia, ila kuna njia za ndani kuelekea Sabaki ambazo asubuhi mapema hazina magari. Mimi nitakwenda naye, na kaka yangu pia, kama adhabu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tandiko liwe la kimo gani.

Baiskeli tuliyoipata si mpya. Tairi ni nzima, gia ya pili huruka, na breki ya nyuma yahitaji mpira mwingine. Fundi wa karibu na soko amesema tuje Jumanne.